Mkwe Aliyeficha Mikono

Tulikuwa watu watano ndani ya ile holi ya Kawangware siku niliyojaribiwa, na nitawataja wote kwa jinsi tulivyohusiana, maana majina nimeamua kuyaacha. Si kwamba nimesahau. Majina ninayo yote, na ya baba zao pia, lakini wengine wana wajukuu ambao sasa ni watu wazima, na mtu hapendi kumkuta babu yake kwenye maandishi bila kuulizwa.

Wa kwanza ni mimi, niliyekuwa nauza nyanya na mboga za sukuma kule Lindi, Kibera, na Jumapili napiga kinanda cha kanisa letu. Wa pili ni wifi yangu, dada ya mume wangu, aliyepanga chumba hapo hapo Kawangware, upande wa mtaa unaoitwa Kongo. Wa tatu ni mzee wa kutoka Machakos aliyenifundisha piano. Huyu alisema yeye ni mkwe wangu, na hilo nitalieleza, maana ndipo shida ilipoanzia. Wa nne ni kiongozi wa bendi, kijana wa gitaa, asiye na undugu na mtu yeyote kati yetu, ila mke wake alikuwa mteja wangu wa nyanya. Wa tano ni mpiga ngoma, mpwa wa mlinzi wa holi. Mlinzi mwenyewe alikuwa nje, kwa hiyo simhesabu.

Hii ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, Uhuru tukiuzungumzia bado kama mtoto aliyeanza kutembea juzi. Bendi ile ilipiga kila Jumamosi alasiri, watu wakinywa chai na soda na kucheza mpaka jua lishuke. Kiti cha piano kilikuwa kitupu tangu mzee yule aondoke. Wengine walisema aliondoka mwenyewe, amechoka. Wengine walisema aligombana na kijana wa gitaa wakaachana kwa maneno mabaya. Basi mke wa kijana akaniambia siku moja, akichagua nyanya, "Mama, si wewe unapiga kinanda kanisani? Mume wangu anatafuta mtu."

Nikamwambia mimi najua nyimbo za Mungu tu. Akaenda, kesho yake akarudi na jibu la mumewe. Nyimbo za Mungu ni mwanzo mzuri, lakini bendi inataka mtu wa jazi na bluzi, mtu anayeweza kutunga papo hapo kwa vidole. Nijifunze, kisha nije nijaribiwe Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Nikishindwa, atachukua mtu wa mjini.

Nilikitaka kile kiti. Nilikuwa nabeba gunia la sukuma mgongoni tangu alfajiri, mgongo ulianza kunijibu vibaya baada ya mtoto wa tatu, na sikuwa nimewahi kufanya kazi yoyote nikiwa nimekaa na watu wakinisikiliza.

Mume wangu alikuwa fundi seremala. Nilipomweleza alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda cha watu.

"Na ni nani atakufundisha?"

"Yule mzee aliyekuwa anapiga hapo zamani."

Randa ikasimama. "Yaani mtu akufundishe kuchukua kiti chake mwenyewe? Mama watoto, wewe umeona wapi kuku akimwonyesha mwewe vifaranga walipo?"

"Lakini amekubali."

"Ndiyo maana nauliza. Angekataa ningemwelewa."

Mwishowe akasema niende, lakini dada yake awepo kila mara. Hapo hakukuwa na mjadala. Mke wa mtu hawezi kukaa benchi moja na mwanamume wa watu, hata kama mwanamume huyo ana mvi na piano.

Siku ya kwanza tukafungua holi mchana, haina mtu, inanuka maji ya soda na vumbi. Mzee alikuwa mrefu, mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote. Akanikaribisha kwenye benchi la piano, na mimi nikaanza kukaa ukingoni, wifi akiwa nyuma yangu kama askari. Kabla hajabonyeza kitu akaniuliza nimeolewa wapi. Nikamwambia. Akauliza mama mkwe wangu ni wa ukoo gani. Nikamtajia. Mzee akainuka kwenye lile benchi kama limeshika moto.

"Basi wewe huwezi kukaa hapa na mimi," akasema. "Marehemu mke wangu alikuwa wa ukoo huo huo. Kwa hiyo yeye na mama mkwe wako ni ndugu. Mumeo mimi ni baba yake mdogo. Wewe ni mkwe wangu."

Kwa msiotoka kwetu Magharibi mwa Kenya nieleze. Mkwe kwetu anaheshimiwa kwa kuwekwa mbali. Mwanamke hakai kiti cha baba mkwe wake, hampi mkono, hamkaribii, na baba mkwe naye hamwangalii machoni. Mwenye kuvunja hilo anajitafutia mkosi. Mzee akasema hata kwao Machakos wakwe wanaogopana, kwa hiyo tusimshangae.

Hivyo ndivyo tulivyosoma. Yeye akipiga piano, mimi nasimama mlangoni nikiangalia uwanja, mgongo kwake. Akimaliza anaondoka, anakwenda kusimama dirishani, uso nje. Wifi anasukuma benchi pembeni, ananiletea kiti kingine cha mbao, ndipo nakaa na kujaribu nilichosikia. Maneno yote yanapitia kwa wifi, ambaye alikuwa hajui piano hata kidogo.

"Mwambie mkwe wangu mkono wa kushoto unachelewa," mzee anaambia dirisha.

"Anasema una vidole kama mihogo," wifi ananiambia.

"Hakusema hivyo. Nimesikia mwenyewe."

"Hakusema, lakini ndiyo maana yake."

Mikono yake sikuiona. Hata mara moja. Na wifi, tulipokuwa tunatembea, akianza kunisindikiza kuelekea Barabara ya Ngong, ndipo alipolitoa lile neno lililokaa kichwani mwangu miezi yote ile.

"Wifi, nikuulize. Tangu lini Mkamba wa Machakos akaujua ukoo wa mama yangu kuliko mimi niliyezaliwa na huyo mama? Huyo hana ukwe wowote. Anaficha mikono. Amepata pazia bila kununua kitambaa."

Nikasema labda ni kweli. Akasema, "Ukweli una jina. Alitaja jina la mkewe? Hakutaja." Na kweli alikuwa hajataja.

Sasa nieleze alichonifundisha, ili msidhani alinipotezea wakati. Kwanza alinipa zile sauti tatu nne zinazobonyezwa pamoja. Watu wa bendi wana neno lao la Kizungu. Mimi niliziita mafungu, kwa sababu ndivyo ninavyopanga nyanya, tatu chini na moja juu. Fungu la do, fungu la fa, fungu la so. Hayo niliyajua kanisani. Bluzi nzima, alisema, inatembea kwenye mafungu hayo matatu tu. Unakaa nyumbani kwa do, unakwenda kwa jirani fa, unarudi nyumbani, unafika mbali kwa so, unapita kwa jirani ukirudi nyumbani, mzunguko unaanza tena. Lakini kila fungu huwekewa nyongeza juu, sauti moja iliyoteremshwa kidogo, chungu, kama nyanya ambayo haijaiva vizuri. Ile nyongeza ndiyo inayofanya mtu atikise kichwa. Nilipoiweka mara ya kwanza nilifikiri piano imeharibika. Nikarudia, mwili ukanisisimka.

Mafungu niliyashika haraka. Mzee aliambia dirisha kwamba mkwe wake ana sikio. Shida ilikuwa mkono wa kulia, ule wa kuimba juu ya mafungu.

Sisi kanisani tulifundishwa kwa do re mi. Mwalimu wa kwaya anampa kila mtu sauti yake, ya kwanza, ya pili, teno, besi, na wimbo ukishaingia umeingia. Ukiongeza chako, ukipandisha mahali pa kushuka, unaambiwa umepotea, na dada wa mbele wanageuka kukuangalia. Wimbo ni ule ule kwenye harusi na kwenye mazishi. Basi mimi nilikuwa mlangoni nasubiri mzee apige wimbo, niushike, niende nao nyumbani. Akapiga. Nikaomba kupitia wifi apige tena. Akapiga mwingine. Mafungu yale yale, mkono wa kulia umekwenda njia tofauti kabisa. Nikaomba mara nyingine. Akapiga wa tatu.

"Mwambie sitaki nyimbo nyingi," nikamwambia wifi. "Nataka ule wa kwanza."

Wifi akamwambia. Mzee akasema, "Mwambie ule umekwisha."

Ndipo na mimi nikaanza kuamini maneno ya mume wangu. Mtu gani anapiga wimbo halafu anasema umekwisha? Maji ya chai ndiyo yanakwisha. Nikaona wazi kwamba kuna wimbo wenyewe, ule wa kweli ambao bendi inauhitaji, na mzee anauzungushia vichaka ili nisiuone. Kila nikinyoosha mkono anausogeza. Halafu siku ya kujaribiwa nitaaibika, kijana wa gitaa atakosa mtu, atamrudia mzee kwa magoti. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo.

Tukamtuma jirani yetu wa Kambi Muru, hapo hapo Kibera, aliyekuwa anasafiri kwenda Magharibi, amuulize mama mkwe wangu. Je, kuna binti wa ukoo wake aliyeolewa na mtu wa Machakos? Jirani akarudi na jibu, akalitoa mbele ya mume wangu kama lilivyo: "Kuna msichana wetu alikwenda Nairobi, akapotelea kwa watu wa huko. Nani alimwoa sijui. Kama mzee anasema ni mkwe, mpeni heshima, heshima haiozi. Lakini mwangalieni."

Mume wangu akacheka mpaka akakohoa. "Mama amejibu kama mwanasiasa."

Kwa hiyo tukamwangalia. Niliacha hata kumsalimia kwa uchangamfu. Akikohoa dirishani, namtazama wifi. Akifungua dirisha, tunajiuliza anamwonyesha nani ishara. Siku moja alileta ndizi, akaziweka juu ya meza ya mlinzi, akasema mwambie mkwe wangu ale. Sikula. Wifi alikula mbili, akasema kama zina kitu basi kimshike yeye, maana mimi nina watoto.

Kisha ikaja siku ya mvua kubwa. Mvua ilitukuta ndani ya holi, mabati yakapiga kelele, uwanja ukawa mto, hakuna wa kutoka. Mzee akakaa kwenye benchi lake, na kwa kuwa hakuna cha kufanya, akapiga muda mrefu kuliko siku zote. Alianza polepole, akarudia rudia mahali pamoja, akakosea hapo katikati, akakosea tena kwa makusudi, akaendelea. Wifi akanivuta mkono mlangoni. "Huu ndio," akaninong'oneza. "Ameshasahau kwamba tupo."

Wifi alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya yao, mwenye kichwa cha kushika wimbo kama gundi. Yeye akaushika mkono wa kulia kwa do re mi, mimi nikaushika wa kushoto. Mvua ilipopungua tukatoka bila kuaga vizuri, tukaenda tumejifunika gunia moja, yeye akiimba juu na mimi chini, tukipita kwenye matope. Watu wa Kongo walisimama milangoni kututazama. Mama mmoja akauliza ni dhehebu gani hilo.

Kuanzia hapo tuliupiga kwenye kinanda cha kanisa kule Lindi, mlango tumeufunga. Kwa mzee niliendelea kwenda, napiga mafungu, nasikiliza kwa nusu sikio, namwacha aambie dirisha anayotaka. Wimbo tulikuwa nao. Nilijiona mjanja sana.

Siku ya kujaribiwa ikafika. Nilivaa gauni la harusi ya dada yangu. Kijana wa gitaa alikaa juu ya meza, mpiga ngoma nyuma yake, wifi karibu na piano. Mzee hatukumwita, lakini alikuwepo, dirishani kama kawaida, mgongo kwetu. Nilipomwona, nikavuta kiti karibu na piano. Nikajiambia, amekuja kuona nikianguka.

Nikapiga. Nikaupiga wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kupunguza. Mpiga ngoma akaingia taratibu, na nikaona kijana wa gitaa anatingisha mguu. Nikamaliza, akasema, "Mama, hatari. Sijui ulikuwa umejificha wapi. Hebu tena."

Nikaupiga tena. Mguu wake ukasimama.

"Umeupiga vile vile," akasema.

"Ndiyo," nikajibu, nikijivuna.

"Hata mahali pa kukosea, umekosea vile vile."

Mpiga ngoma akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Kijana akachukua gitaa. "Sasa sikiliza. Mimi naingia, nasema kitu, wewe unijibu." Akapiga kipande kifupi, kikainuka mwishoni kama swali. Mimi nikaendelea na wimbo wangu pale nilipokuwa. Akapiga kipande kingine. Nikaendelea. Tukagongana, ngoma ikapotea, kila kitu kikasimama.

"Mama, hapa si kanisani," akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Mimi nakuuliza swali, wewe unanisomea zaburi. Huna kingine?"

Sikuwa nacho. Niliangalia mikono yangu. Nikaona gunia la sukuma linanisubiri Jumatatu. Na hapo ndipo mzee akasema, uso bado nje:

"Mwambie mkwe wangu ule niliupiga siku ya mvua, nikisubiri iishe. Leo kuna jua."

Holi nzima ikasikia. Kijana wa gitaa akamgeukia, akanigeukia mimi, akaelewa nilichofanya. Moto ulinipanda kutoka miguuni. Kumbe alijua. Alijua siku zote kwamba tumeuchukua, akanyamaza, akangoja siku hii, mbele ya watu hawa, ili anivue nguo. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na siwezi kusema nilifikiri vingine. Wifi hata hakuufikisha ule ujumbe. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Nimesikia," nikamjibu mzee mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno bila mtu katikati.

Nikaligonga fungu la do kwa hasira, na nyongeza yake juu, chungu ile. Kijana wa gitaa akashtuka, lakini alikuwa mtu wa kazi, akalirudia swali lake. Sasa mimi, miaka yote ile sokoni, kitu kimoja ninachokijua bila kufundishwa ni kumjibu mteja. Mteja akikutajia bei ya dharau, humsomei zaburi. Unamrudishia neno lake mwenyewe, umelipindua kidogo. Nikachukua kipande chake, nikakirudisha kimepinduliwa. Akauliza tena, kwa juu. Nikakataa. Akashuka. Nikakataa tena, sauti ile ile moja, nikiipiga piga huku mkono wa kushoto ukihamia kwa jirani. Akanibembeleza. Nikampa kidogo. Mpiga ngoma akarudi. Tukaenda kwa fa, tukarudi, tukafika mbali kwa so, na njiani nilikosea mara nyingi, makosa yangu mwenyewe, na kila nikikosea naligonga lile kosa tena, kwa ukaidi, mpaka likakaa kama lilikusudiwa. Sikuwa nawaza juu ya kiti wala Pasaka. Nilikuwa nagombana na mtu aliyesimama dirishani, na gitaa ndilo lililoingilia.

Tulipomaliza kijana akalaza gitaa kwenye mapaja.

"Huo si wa kanisani," akasema. "Jumamosi ijayo uje mapema, kuna nyimbo za kupanga."

Wifi akaniangukia shingoni. Nilipogeuka kuangalia dirisha, hapakuwa na mtu.

Jumanne nilikwenda kama kawaida, ninajua nitakachomuuliza. Mlinzi akasema mzee amerudi Machakos, hakuacha salamu. Miaka kadhaa nilikaa kwenye kile kiti, mgongo ukapona, na sijawahi kumwona tena. Mume wangu mpaka anakufa alisema, "Alitaka uanguke, wewe ukakataa, basi." Wifi, ambaye ndiye aliyenitilia ile shaka, yeye ndiye aliyegeuka. Sasa anasema mzee alinisukuma majini kwa sababu alijua naweza kuogelea. Mimi namwuliza alijuaje, ikiwa hata mimi sikujua. Hapo tunahamia habari za wajukuu.

Ila kuna jambo moja tunalobishania hadi leo. Mimi nakumbuka mzee aliondoka kabla sijamaliza. Nilisikia mlango wa nyuma wakati mkono wangu uko kwa so, na kama aliondoka wakati ule, basi aliona mpango wake umeharibika, au hakujali. Wifi anaapa kwamba alisimama mpaka sauti ya mwisho, akageuka, akaangalia mikono yangu, mikono tu, ndipo akatoka. Mimi nilikuwa na mgongo kwake, siwezi kusema. Kiongozi wa bendi hayupo tena duniani. Lakini yule mpiga ngoma nasikia yuko hai, na mzee alikuwa na watoto ambao huenda aliwasimulia. Kama nimekosea, mnirekebishe. Wifi bado anakaa Kongo, nami niko pale pale Lindi. Mlango wowote mtakaobisha mtapokelewa. Hata kama ni kuniambia kwamba ni wifi anayekumbuka vizuri.